Umenenepa, Umekonda: Ulimi Wetu na Miili ya Ndugu Zetu



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu aliyetuumba na kututia sura kama alivyopenda. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, tunajihadhari na riba, tunajihadhari na pombe, nyama tunauliza nani kachinja. Lakini kuna neno tunalitoa mlangoni mwa msikiti, hata viatu hatujamaliza kuvaa, na hatulihesabu kuwa chochote. Neno hilo ni "umenenepa", pamoja na pacha wake "umekonda".

Sisi watu wa Busia na Tororo tunalisema pande zote mbili za mpaka, na maana yake inageuka kutegemea nani kalisema. Mwanafunzi wa Alupe au wa Busitema anarudi nyumbani likizo. Shangazi anamshika mkono, anaugeuza huku na huku: "Mwanangu umekonda hivi, huko hamli?" Wiki moja kabla, binti huyo huyo bwenini aliitwa Bonge, akaonyeshwa kwenye simu picha za wasichana wenye kiuno cha nyigu ili aone anavyotakiwa kuwa. Mwili ni ule ule, kilo ni zile zile. Nyumbani amepungua na chuoni amezidi.

Wavulana nao hawakusalimika. Mwembamba anaambiwa upepo wa lori utamwangusha, na kwamba mke hatamweza. Akipata kazi kwa wakala wa forodha na kitambi kikaanza kuchungulia kwenye shati, mtaa mzima unasema maisha yamemkubali. Inasemwa kwamba hapa Busia ndipo jina la boda boda lilipozaliwa, baiskeli zilipokuwa zikivusha watu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Basi mpaka leo dada mwenye mwili akifika steji ataambiwa alipe nauli ya watu wawili, na steji nzima itacheka. Na yeye atacheka pia, maana asipocheka ataambiwa ana hasira.

Kabla ya kuwalaumu wazee, tuwaelewe. Mwaka 1985 madaktari waliandika katika jarida la Lancet juu ya ugonjwa mpya nchini Uganda, wakautaja kwa jina ambalo wanavijiji wa Rakai walikuwa wameshaupa: Slim, yaani ule unaokondesha. Jina lenyewe la ugonjwa lilikuwa kukonda. Ukimwi ulipozifikia barabara zetu, katika miji hii ya malori, Malaba na Busia, mtu akilegea suruali kidogo tu watu walianza kumhesabia siku. Wazazi wetu walizika ndugu zao wakiwa mifupa mitupu. Kisha kuanzia mwaka 2003, Tororo na Busia ya Uganda, ulikuwapo mpango wa kuwapelekea wagonjwa dawa za kupunguza makali hadi majumbani, wahudumu wakija kila wiki kwa pikipiki mpaka vijijini ndani. Waliokuwa wamelala kitandani waliinuka. Mashavu yakarudi. Kwa hiyo mama wa Tororo anapokushika shavu na kusema "umenenepa, alhamdulillahi", mara nyingine anamshukuru Mungu kwa jambo ambalo wewe hukuliona kwa sababu ulikuwa bado mdogo au hujazaliwa.

Hilo ni upande wa huruma. Upande wa pili ni kwamba hofu ile ile imetufundisha kuusoma mwili wa mtu kama cheti cha hospitali. Ndugu akipungua baada ya mitihani, au baada ya kufiwa, au kwa kukosa karo akawa anakula mara moja kwa siku, tunanong'ona. Na aliye mgonjwa kweli, anayemeza dawa zake kwa siri, anausikia mnong'ono ule na anaogopa hata kwenda kuzichukua. Hapo neno dogo limekuwa jambo la uhai na mauti.

Sasa tumtazame Mtume wetu (s.a.w.) na miili ya watu waliomzunguka. Abdullah bin Mas'ud (r.a.) alikuwa mtu mwembamba sana. Siku moja alipanda mti kukata mswaki, upepo ukampeperusha, miundi yake ikaonekana, na masahaba wakacheka. Tuzingatie kwamba waliocheka ni masahaba, watu wema kutushinda, wala hawakukusudia ubaya. Mtume aliwauliza wanacheka nini. Walipomjibu kuwa ni wembamba wa miundi yake, aliapa kwamba miundi ile katika mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Imo katika Musnad ya Imam Ahmad.

Wapo wanaoitaja hadithi nyingine, ile ya mtu mkubwa mnene atakayekuja Siku ya Kiyama asiwe na uzito wa ubawa wa mbu, kisha wanaitumia kuwasema wanene. Hiyo ni dhuluma kwa hadithi. Mtume aliiunganisha na aya ya 105 ya sura ya Kahf, ambayo inazungumza juu ya waliozikataa ishara za Mola wao na matendo yao yakaporomoka. Iweke pamoja na ile ya Ibn Mas'ud uone: mwembamba ni mzito, mkubwa ni mwepesi, kwa sababu kinachopimwa siku hiyo si nyama.

Mama wa waumini Sawda (r.a.) alikuwa mwanamke mzito, mwendo wake wa polepole. Usiku wa Muzdalifa katika Hija alimwomba Mtume ruhusa ya kutangulia kabla ya msongamano wa watu. Alipewa bila kejeli wala neno la kumkwaza. Bibi Aisha (r.a.) alikuja kusema baadaye kwamba alitamani naye angeomba ruhusa kama ile. Na Bibi Aisha mwenyewe, katika Abu Daud, anasimulia mambo mawili ambayo ningependa kila mume mtarajiwa wa chuo hiki ayasikie. La kwanza, alishindana mbio na Mtume akiwa bado mwepesi, akamshinda. Miaka ikapita, akaongezeka mwili, wakashindana tena, safari hii Mtume akamshinda, akamtania kuwa hiyo ni ya kulipa ile. Ona alivyotania: alitania mbio. Mwili uliobadilika hakuugusa, na mke wake akabaki na kumbukumbu tamu ya kusimulia. La pili, alipokuwa mwembamba, mama yake alitaka anawiri kabla ya kuingia nyumba ya Mtume. Wakajaribu hili na lile bila mafanikio, mpaka alipolishwa matango kwa tende mbichi. Kwa hiyo kutaka kunenepa si aibu katika dini yetu, kama ambavyo kutaka kupungua si aibu.

Kuna siku Bibi Aisha alidokeza ufupi wa Bibi Safiyya. Neno moja tu. Mtume alimwambia kuwa amesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari lingeyaharibu. Na katika sura ya Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu anawakataza wanaume kuwadharau wanaume wenzao, na wanawake kuwadharau wanawake wenzao, na anakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Bonge, Tanki, Kimbaombao, Sindano: nimeyasikia yote katika makundi yetu ya simu, na mengine katika kundi ambalo picha yake ni Al-Kaaba.

Sisemi kwamba uzito si kitu. Utafiti wa afya wa kitaifa Kenya mwaka 2014 ulikuta mwanamke mmoja kati ya kila watatu wa umri wa miaka 15 hadi 49 ana uzito uliozidi, na ule wa Uganda mwaka 2016 ulikuta karibu mmoja kati ya wanne. Kisukari na shinikizo la damu vinawafuata hao. Mtume alitufundisha theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa kinywaji na theluthi kwa pumzi. (Futari zetu za Ramadhani na zile chapati za mayai za saa nne usiku tunazijua wenyewe.) Lakini nasaha ina adabu zake. Husemwa faraghani, na husemwa na anayekupenda. Anayekusema mbele ya watu kumi hakutakii afya.

Jambo linalonitisha zaidi ni vidonge. Baadhi ya dada zetu wanameza vidonge vya kunenepesha ili wajaze makalio kabla ya posa. Vingi ni dawa za hospitali zilizopotoshwa. Siproheptadini ni dawa ya mzio inayoleta hamu ya kula na usingizi. Deksamethasoni ni dawa kali ya kutuliza uvimbe mwilini. Ukiimeza ovyo kwa muda mrefu uso unavimba kama mwezi, sukari inapanda, mifupa inadhoofika, na ukiiacha ghafla mwili unaweza kuporomoka. Wengine wanakunywa chai za kuharisha ili wapungue, au wanafunga Jumatatu na Alhamisi kwa nia ya kiuno, kisha wanaiita sunna. Aya ya 195 ya sura ya Baqara inatukataza kujitupa wenyewe katika maangamizi. Ndugu unayeviuza vidonge hivi hapa chuoni, unazijua kinga za kisheria kuliko mimi, lakini wateja wako ni dada zako, na hukumuuliza hata mmoja kama ana ujauzito au kisukari.

Na wewe kaka unayesema wazi kuwa hutaki mke mwenye mifupa, au hutaki mke aliyejaa, una haki ya kupenda unachopenda. Huna haki ya kukitangaza kwenye baraza mpaka binti aliyekaa nyuma ya pazia la msikiti akaenda kununua vidonge.

Muhula unakaribia kufungwa na wengi wetu tutarudi nyumbani, Busia, Malaba, Tororo. Mama atakutazama kutoka kichwani hadi miguuni na kusema umekonda. Usimkatize. Mwambie alhamdulillahi mama, mzima. Kaa chini, nawa mikono, ule naye. Na mdogo wako wa kike akipita na sahani yake, usimhesabie vipande.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.