Kukinai

Mbalamwezi ikikolea, mwalo wa Ujiji hulala mapema. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukishapevuka taa ya mvuvi haina neno mbele yake. Mitumbwi huvutwa mchangani, nyavu hushonwa, watu hungoja giza lirudi. Siku hizo hazina kichwa wala mkia. Maji yanapiga mchanga, yananyamaza, yanapiga tena.

Nilikaa hapo jioni moja, nikajikuta nalitafutia neno jambo hilo.

Waskoti wanalo: dreich. Asili yake ni lugha za kale za Skandinavia, na hapo mwanzo lilikuwa neno lenye heshima zake, la kitu kinachodumu, kinachostahimili. Likazeekea midomoni. Likawa la safari isiyofika, la mahubiri yasiyo na amina. Siku hizi wengi huliweka kwenye hali ya hewa tu: mbingu ya kijivu, baridi, manyunyu ya kutwa.

Napenda kudhani David Livingstone, mtoto wa Blantyre ya Uskoti, alilikumbuka hapa. Mwaka 1871 alirudi Ujiji kutoka Manyema akiwa hoi, akakuta mali yake imekwisha kuuzwa. Akakaa barazani. Hata hesabu ya siku ilikuwa imemponyoka: Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, ameandika kwamba walikutana tarehe 10 Novemba, na katika shajara ya mzee bado ni Oktoba. Hizo siku zilizopotea zinanigusa kuliko mkutano wenyewe, ambao umesimuliwa hadi umechuja.

Sisi tunalo kukinai. Lilikuja na Kiarabu, likiwa na maana ya kuridhika na ulichojaliwa. Maana hiyo tunayo hadi leo. Lakini mpe mtu asali. Kwenye kijiko cha nne atakwambia amekinai, na hapo anataka uiondoe machoni pake. Shukrani na kichefuchefu, nyumba moja, mlango mmoja. Limetembea kama lile la Waskoti, kila moja kwenye bara lake, na sidhani yamewahi kukutana, ila labda kwenye ile baraza.

Hatua chache kutoka nilipokaa, bibi mmoja alikuwa akianua dagaa wa mwisho. Nikamwamkia.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

Aliniachia mmoja kiganjani. Hafiki urefu wa kidole. Fedha yake imegeuka majivu, jicho liko wazi. Usiku mmoja alipanda karibu na uso wa maji kufuata mwanga mdogo, juu ya vina vya Ziwa Tanganyika vinavyofika mita 1,470, ambako maji ya chini hayachanganyiki na haya ya juu na hakuna samaki anayeweza kupumua. Hayo yote yako chini ya mtumbwi, nasi tunaokota vya juu juu, tunakula na ugali.

“Kila siku dagaa, bibi. Hukinai?”

Hakunijibu mara moja. Alikunja turubai upande mmoja, akasukuma dagaa katikati kwa kiganja, taratibu, akamwokota mmoja aliyeangukia mchangani, akampuliza.

“Nilishakinai zamani, mwanangu.”

Akamrudisha kwa wenzake. Mwezi ulikuwa umeshapanda. Maji yakapiga mchanga, yakanyamaza.