KUIFISIDI ARDHI NA KUITENGEZA

 Wengi wetu likitajwa neno ufisadi hudhani muradi wake ni ulevi na zina tu. Lakini Mwenyezi Mungu katika Sura ya Aaraf amekataza kuifisidi ardhi baada ya kutengezwa kwake, na katika Sura ya Baqara amemtaja mtu ambaye akishika mamlaka hwenda mbio kuangamiza mimea na vizazi. Basi mwenye kuwaharibia watu maji yao na mimea yao ni mfisadi, ijapokuwa husali safu ya mbele.

Itazameni Iraq. Basra si mji mgeni kwetu: wazee wetu wamekula tende zake zikija na majahazi ya kaskazi, na boriti za Lamu zilikwenda kujengea huko. Juu ya mji huo, kando ya mito ya Dijla na Furati, palikuwa na vinamasi vya kilomita za mraba 15,000 au zaidi, na watu wake tangu kale wakijenga kwa matete, wakivua samaki na kufuga nyati. Mwaka wa 1991, baada ya vita vya Ghuba, watu wa kusini waliasi. Waliposhindwa, wengi walijificha ndani ya matete. Serikali ya Saddam Hussein ikapiga matuta na kuchimba mifereji ya kuyageuza maji. Haikupita miaka kumi ila sehemu tisa katika kumi zilikuwa zimekauka, na makumi ya maelfu ya watu wamehama.

Huenda mtu akasema: Mtume (s.a.w.) naye alikata mitende ya Banu Nadhir. Ni kweli, na Qur'ani imetaja kuwa ilikuwa kwa idhini ya Mungu, na wanavyuoni wamekhitalifiana katika hukumu yake. Lakini kukata mitende wakati wa kuzingira ngome si sawa na kuikausha nchi nzima baada ya adui kushindwa. Na Sayyidna Abubakar, ambaye alikuwa pamoja na Mtume, alipopeleka jeshi Sham alilikataza kukata miti ya matunda na kubomoa palipokaliwa. Je, sisi twaijua Sunna kuliko yeye?

Wala waliochimba mifereji ile wasiseme, "Tuliamrishwa." Hapana kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Na istighfari ya ulimi haiwatoshi, kwani haki za waja hazifutiki ila kwa kurudishwa kwa wenyewe au kusamehewa nao. Aliyekausha, toba yake ni kusaidia kurudisha maji. Hili twalisema kwa kuwa tumezoea kuwasikia watu wakihesabu tasbihi juu ya madhambi ambayo dawa yake ni jembe.

Wenyeji wenyewe hawakungoja. Serikali ile ilipoanguka mwaka wa 2003 waliyatoboa matuta, maji yakaingia, na baada ya miaka michache zaidi ya thuluthi ya vinamasi ilikuwa imerudi, pamoja na ndege na nyati. Pengine ardhi ilikuwa imeshika chumvi, na matete hayakuota. Mwaka wa 2016 UNESCO ikavitia vinamasi hivyo katika urithi wa dunia.

Kisha ukaja ukame wa 2021 mpaka 2023, nyati wakafa na watu wakahama tena. Mvua ilikuwa chache, lakini pia mabwawa ya Uturuki, Syria na Iran, na ya Iraq yenyewe, huyazuia maji huko juu. Khabari hii Mtume (s.a.w.) alikwisha kuihukumu. Zubeir bin Awwam na mtu mmoja katika Ansari waligombania mfereji wa kunyweshea mitende, na shamba la Zubeir lilikuwa juu. Mtume alimwamuru Zubeir anyweshe, kisha amwachilie jirani yake maji. Na katika mabonde ya Madina alihukumu kuwa wa juu ataanza, yakimfika vifundo vya miguu ayaachilie yende kwa wa chini.

Nchi zote nne hizo ni za Waislamu, na hadithi ya Zubeir imo katika Bukhari.