Malaika Hakumkemea Eliya

Somo: 1 Wafalme 19:1–18, Mithali 31:8



Eliya ni mtu wa moto. Katika sura ya 18 moto umeshuka Karmeli, ameomba mvua ikanyesha, amekimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Fungua sura ya 19: mtu yuleyule yuko jangwani chini ya mretemu, anaomba afe. Sisemi Eliya alikuwa mgonjwa. Nasema tuangalie Mungu alimtendea nini mtu aliyefika pale.

Kwanza, alimwacha alale. Pili, alimtuma malaika amguse na kumpa mkate na maji. Akalala tena, akaguswa tena. Tatu, alimsikiliza, mara mbili. Nne, hakumfukuza kazi. Alimrudisha kazini na kumpa Elisha wa kumsaidia.

Mwambie jirani yako: "Malaika hakumkemea."

Nasema haya kwa sababu ya watoto wetu. Tuko na wazazi hapa ambao daktari amewaambia mtoto ana baipola, ugonjwa wa hisia. Wiki moja anapanda: halali, anaongea bila kikomo, ana mipango kumi. Wiki nyingine anashuka: haogi, hali, hasemi. Shuleni wa kwanza anaitwa mtundu, wa pili mvivu. Kumbe ni mtoto mmoja, na anaumwa.

Mama mmoja wa kanisa hili, ambaye amenikubalia niseme, aliniomba nimsindikize shule ya bweni anakosoma mwanawe wa Kidato cha Tatu. Barua ilikuwa imefika: akirudia, atafukuzwa. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri. Akasema, "Pasta, kijana huyu usiku anazunguka bweni akiamsha wenzake. Halafu zinakuja siku anakataa kuamka kabisa. Na mimi nina wanafunzi wengine." Alisema kweli, na huo ni mzigo.

Mama hakulia wala hakugombana. Akatoa barua ya daktari. Akatoa na daftari: likizo yote alikuwa ameandika mwanawe amelala saa ngapi na ameamka vipi. "Mwalimu, tazama. Akikosa usingizi siku mbili, tatu, ndipo anapanda. Na hapa wanaamshwa saa kumi alfajiri. Siombi asifuate sheria za shule. Naomba alale."

Hakupewa yote aliyoomba. Lakini alipata haya: kijana asiamshwe kwa masomo ya alfajiri muhula huo, dawa zikae kwa metroni, naye azimeze mbele yake, na akihisi dhoruba inakuja, aende kwa mwalimu wa ushauri nasaha bila kujieleza mbele ya darasa. Yakaandikwa, yakatiwa sahihi. Kijana akabaki shuleni. Usingizi, cha kumtia nguvu, mtu wa kumsikiliza, na kurudi kazini: ni yale yale ya chini ya mretemu.

Mithali 31:8 inatuagiza tuwe kinywa cha asiyeweza kujisemea. Kumwombea mtoto nyumbani na kwenda kumsemea shuleni ni huduma moja. Kwa hivyo mzazi, usingoje barua ya kufukuzwa. Nenda muhula unapoanza. Beba barua ya daktari. Omba mambo machache yanayowezekana. Jua pia kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuchapwa au kuteswa kiakili. Itaje kwa upole, lakini itaje.

Na sisi kanisa tuko na kazi. Mtoto wa namna hii tusimlete kwenye kesha. Kukosa usingizi kunaweza kumwasha upya. Tumwombee mchana, Mungu yuleyule anasikia. Mzazi akiitwa shuleni, mmoja wetu aende naye, asikae peke yake kwenye kile kiti. Na mtu asithubutu kumwambia mzazi atupe dawa ili aonyeshe imani. Mkate wa Eliya uliletwa na malaika, lakini ulikuwa mkate, na ilimbidi aule.