Kuhamishwa Bila Kuulizwa

Tarehe 15 Oktoba 2019 klabu ya Los Angeles Rams, ya ligi ya NFL ya Marekani, ilifumua ngome yake ya nyuma na kuishona upya kwa siku moja. Marcus Peters, beki wa pembeni, alipelekwa Baltimore. Rams wakapewa mchezaji mwingine, Kenny Young, pamoja na nafasi ya raundi ya tano katika drafti, ule utaratibu wa kila mwaka ambapo klabu hupeana zamu za kuchagua vijana wanaotoka vyuo vikuu. Siku hiyohiyo akaja Jalen Ramsey kutoka Jacksonville, kwa bei ya nafasi mbili za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya nne. Beki wa tatu, Aqib Talib, alikuwa ameshawekwa kwenye orodha ya majeruhi kwa sababu ya mbavu. Kabla ya mwezi kwisha naye alihamishiwa Miami, na Rams walilazimika kuongeza nafasi ya raundi ya tano juu yake ili Miami wakubali kumbeba yeye na mshahara wake. Talib hakucheza Miami hata mechi moja. Alihama kama deni linavyohama kutoka daftari la duka moja kwenda la duka jingine. Na hao Peters na Talib wenyewe walikuwa wamefika Rams kwa njia ileile, Machi 2018, mmoja akitokea Kansas City na mwingine Denver.

Msomaji aliyezoea soka atashangaa jambo moja ambalo Wamarekani wamekwisha kulizoea. Katika soka, iwe ni Simba anamtaka beki wa Azam au ni Real Madrid anamtaka kiungo wa Ujerumani, klabu mbili zikishakubaliana bado kuna mlango wa tatu wa kupita: makubaliano ya maslahi binafsi na mchezaji mwenyewe. Akisema hataki, dili limekufa. Katika NFL mlango huo haupo, isipokuwa kwa wachache waliofanikiwa kuandikiwa katika mikataba yao kifungu cha kuzuia uhamisho. Wengine hupigiwa simu na kuambiwa waripoti wapi. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo si la michezo peke yake: je, inafaa mtu abadilishwe kwa mtu mwingine, au kwa ahadi ya kijana ambaye bado hata hajachaguliwa, bila yeye kuulizwa?

Jibu la haraka ni kuuita utumwa. Curt Flood, mchezaji wa besiboli wa St. Louis, alikaribia sana kusema hivyo alipokataa kuhamishiwa Philadelphia mwaka 1969, akampelekea kamishna wa ligi barua mkesha wa Krismasi na kisha akaenda mahakamani. Mahakama Kuu ya Marekani ilimwangusha mwaka 1972 kwa majaji watano dhidi ya watatu. Ujasiri wa Flood hauna shaka, lakini mfano huo haufai kwa hoja yetu, na sisi wa pwani ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu tuna sababu ya kuutumia kwa uangalifu. Ramsey alisaini mwaka 2020 nyongeza ya mkataba ya miaka mitano yenye thamani isiyopungua dola milioni 100. Anaweza kuacha kazi kesho akaenda nyumbani, na hakuna atakayemfuata kwa mnyororo. Ukimwita mtumwa, unamdhalilisha mtumwa wa kweli, na tena unampa mtetezi wa NFL ushindi wa bure, kwa kuwa atakuonyesha hundi ya mshahara na mjadala utaishia hapo.

Utetezi wenye nguvu zaidi ni huu: kinachohamishwa si mtu, ni mkataba. Wanazuoni wa fiqhi wametenganisha tangu zamani kati ya kuuza na kuajiri. Katika ijara mwajiri hamiliki mwili wa mfanyakazi wala nafsi yake. Anamiliki manufaa ya kazi yake kwa muda waliokubaliana. Immanuel Kant, kwa njia nyingine kabisa, alifika karibu na hapo katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya msingi wa maadili: kitu chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha thamani sawa, ila mtu yuko juu ya bei. Kwa hiyo, asema mtetezi, Rams hawakumpa bei Peters mwenyewe. Waliipa bei kazi yake ya kukaba kwa msimu uliobaki, na kazi ina bei kila mahali duniani, kuanzia kwa kuli wa bandarini hadi kwa daktari bingwa. Ubaya uko wapi?

Ubaya uko katika kudhani kwamba kazi hiyo inaweza kubanduka kutoka kwa mtu ikasafiri peke yake. Na hakuna idara ya mchezo huu inayoonyesha ugumu huo zaidi kuliko hiyo hiyo ngome ya nyuma. Kwa asiyeufahamu mchezo: mabeki wa pembeni huwakaba wapokeaji wanaokimbia kandokando ya uwanja, na nyuma yao wapo mabeki wa mwisho, kwa kawaida wawili, wanaolinda eneo lote lililobaki. Katika ukabaji wa kanda, beki wa pembeni humsindikiza mpokeaji hadi hatua fulani, kisha humwachia apite, kwa kuwa sasa ni wa mwenzake aliye nyuma. Mpokeaji huyo ana mbio zinazotisha, na mpira huenda tayari uko hewani. Beki haruhusiwi kugeuka kuhakikisha kama mwenzake yupo. Macho yake lazima yarudi kwa mrushaji, maana kuna mpokeaji wa pili anayeingia mahali palepale alipo. Anaachia kwa kuamini. Akisita nusu sekunde ili ahakikishe, kanda yake iko wazi; akiamini na mwenzake hayupo, wapinzani wanafunga, na watazamaji milioni kadhaa watamlaumu yeye aliyeonekana mwisho karibu na mpokeaji, ingawa kosa lilikuwa la mwingine.

Imani ya namna hiyo haiandikwi katika mkataba. Inajengwa katika chumba cha kutazamia video, katika mazoezi, katika ishara za mkono ambazo wanne au watano wanazielewa bila kusemezana. Ni sehemu ya kazi, tena sehemu yake kubwa, lakini inaishi baina ya watu. Unapomhamisha mmoja, hutoi kipande cha manufaa kutoka ghala moja kukipeleka ghala jingine. Unakata uhusiano aliousaidia kuujenga na kumtaka aujenge mwingine na watu asiowajua. Pamoja na hayo unahamisha alichokuwa nacho nje ya uwanja: watoto walio katikati ya muhula wa shule, mama anayemuuguza, msikiti au kanisa anamosali. Mkataba unaweza kusafiri kwa barua pepe. Aliyeusaini lazima apande ndege. Ndiyo maana ile hoja ya kwamba kinachohamishwa ni mkataba tu ni kweli kwa mwanasheria na nusu ya kweli kwa mwenye kutafakari maadili.

Hapa mpinzani makini atanikatiza kwa ushahidi wa uwanjani. Kama imani haihamishiki, mbona uhamisho huu unafanikiwa? Minkah Fitzpatrick alitoka Miami kwenda Pittsburgh Septemba 2019, na katika mechi yake ya kwanza tu, dhidi ya San Francisco, akanasa pasi ya adui. Msimu huohuo alitajwa katika kikosi bora cha kwanza cha ligi. Rams nao walitwaa ubingwa Februari 2022, Ramsey akiwa nguzo yao. Ningeweza kujibu kwamba hao wawili walikuwa wameomba kuondoka, kwa hiyo ridhaa ilikuwepo hata kama kanuni haikuidai. Lakini jibu hilo linakwepa mfano mgumu kuliko yote, nao ni Peters. Yeye alipelekwa tu. Siku tano baadaye, huko Seattle, alinasa pasi ya mrushaji wa wenyeji, Russell Wilson, akakimbia nayo yadi 67 hadi kufunga. Na kabla ya mwaka kwisha alisaini kwa hiari yake mkataba mpya na Baltimore. Aliyehamishwa bila kuulizwa alipapenda alipopelekwa.

Nakubali ushahidi huo wote, na bado haugusi swali. Mafanikio yanaonyesha kwamba watu hodari hujenga imani upya kwa kasi. Hayaonyeshi kwamba aliyewalazimisha kuijenga upya alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Binti aliyeozwa bila kuulizwa akaishi na mumewe kwa raha hawi hoja ya kuwaoza wengine bila kuwauliza. Furaha yake ni yake, na heri yake haimsafishi aliyemnyima neno. Ukiwa na desturi ya kuipima haki kwa matokeo, utajikuta ukimshukuru mtu kwa bahati ambayo hakuikusudia. Baltimore hawakumpeleka Peters Seattle ili afurahi, walihitaji beki. Kwamba mahitaji yao na furaha yake vilikutana ni jambo jema, na ni sadfa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wachezaji wenyewe. Wao wana chama. Machi 2020 walipigia kura mkataba wa pamoja na wamiliki wa klabu, mkataba unaoacha uhamisho wa namna hii uendelee, na kura zikawa 1,019 za ndiyo dhidi ya 959 za hapana. Nani kati yetu ana mamlaka ya kusema hawakuulizwa? Waliulizwa wote kwa pamoja, wakakubali, na fidia yao ni mishahara mikubwa. Sitaki kulipuuza hili, kwa kuwa ridhaa ya pamoja ni ridhaa. Ila tofauti ya kura ilikuwa 60 tu, na swali lililopigiwa kura lilikuwa furushi zima: mgawo wa mapato, urefu wa msimu, matibabu, pensheni ya wazee. Mtu anaweza kuridhia furushi kwa ajili ya pensheni na asiwe ameridhia kila kilichofungwa ndani yake. Halafu kuna ridhaa zinazotolewa mara moja na nyingine zinazotakiwa kurudiwa. Anayekubali kuwa mwanajeshi amekubali kupelekwa popote, naam, lakini jeshi hudai hilo kwa jina la usalama wa nchi nzima. Klabu ya mpira hudai kwa jina la nini? Kwa jina la kikomo cha mishahara, ambacho mwaka 2019 kilikuwa dola milioni 188.2 kwa kila timu. Talib hakupelekwa Miami kwa sababu Miami walimhitaji. Alipelekwa kwa kuwa mshahara wake ulikuwa unabana hesabu za Rams.

Watetezi husema pia kwamba bila uhamisho wa amri timu haziwezi kujengwa upya, na kwamba timu za miji midogo zitabaki mateka wa wachezaji wanaotaka kukaa Los Angeles tu. Hofu hii ina majibu yaliyokwisha kujaribiwa. Soka lina ridhaa ya mchezaji katika kila uhamisho, na soko lake halijafa. Kama lina ugonjwa, ni wa fedha kuzidi. Besiboli yenyewe, muda mfupi baada ya kumshinda Flood mahakamani, ilikubali mwaka 1973 kwamba mchezaji mwenye miaka kumi katika ligi, mitano ya mwisho katika klabu moja, anaweza kukataa kuhamishwa. Ligi haikuanguka. Na Rams hao hao walionyesha bila kukusudia njia nyingine ya kuziba pengo. Januari 2022, mabeki wao wawili wa mwisho wakiwa majeruhi mchujo ukikaribia, walimpigia simu Eric Weddle, umri miaka 37, aliyekuwa amestaafu miaka miwili na kukaa nyumbani. Walimwomba. Angeweza kusema hapana na asipoteze chochote. Alikuja, akacheza mechi ya kwanza ya mchujo siku chache baadaye, na mwezi uliofuata alikuwa uwanjani katika fainali waliyoshinda. Ile imani baina ya mabeki ambayo nimesema haihamishiki kwa amri, yeye aliileta mwenyewe, kwa kuwa wengi aliowakuta aliwahi kucheza nao.

Kuna hadithi mashuhuri ya Mtume ambamo Mwenyezi Mungu anawataja watu watatu atakaokuwa mshtaki wao Siku ya Kiyama. Mmoja amemuuza mtu huru akala thamani yake, na mwingine ameajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, asimlipe haki yake. Makosa hayo mawili yametajwa mbalimbali, na nadhani ni kwa sababu yanahitaji tiba mbalimbali. NFL haina kosa la kwanza. Swali la maana ni kama haki ya mwajiriwa inaishia kwenye mshahara. Mimi nasema haiishii hapo. Aliyeajiriwa ana haki ya kujua anamfanyia nani kazi na ya kusema lolote pale mwajiri anapobadilika, kwa sababu alitoa neno lake kwa mtu fulani, mahali fulani. Bei si tusi. Tusi ni kupangiwa bei na kupelekwa bila neno lako kuhitajika.

Nikipewa nafasi ya kuandika kanuni, nisingeanza walipoanzia besiboli. Kanuni yao humlinda mkongwe wa miaka kumi, yaani yule ambaye jina lake na akiba yake vingemlinda hata bila kanuni. Ramsey alipochoka na Jacksonville alisema wazi, na mwishowe klabu ikamtafutia pa kwenda. Wa kuangaliwa ni beki wa akiba katika kikosi cha watu 53, mwenye chini ya misimu minne, ambaye klabu ikimwacha hawi huru kwanza: jina lake huwekwa wazi kwa timu zote, na yoyote itakayomdai, kwa zamu yake, humpata pamoja na mkataba wake, apende asipende. Haki ya kukataa ingeanzia kwake, hata kama ni ya siku mbili tu za kufikiri na kuwapigia simu wa nyumbani kwake kabla hajafungasha.