Mla, Mliwa na Mipaka ya Njaa

Watu wamezoea kuwaza habari za mla na mliwa kwa mfano wa msitu: chui na paa, tai na tumbili. Sisi tukaao Bujumbura tunao mfano ulio karibu zaidi, nao ni Ziwa Tanganyika. Humo ndagala hula viumbe vidogo mno vieleavyo majini. Mgebuka, ambaye hapa kwetu huitwa mukeke, humla ndagala. Na sangala humla amwezaye. Je, mukeke ni dhalimu?

Twajibu kwamba siye. Dhalimu ni yule aijuaye haki kisha akaiacha. Mukeke hajui ila njaa yake, na njaa hiyo ina mpaka: akishiba huacha, na ndagala wakipungua naye hukonda au huhama, hata ndagala wapate kuongezeka tena. Uhai wa mla wategemea uhai wa mliwa.

Kwa hiyo yatupasa kuwa na hadhari na wale wasemao kwamba mwenye nguvu kumla mnyonge ni sheria ya maumbile, na kwamba binadamu naye asilaumiwe. Samaki hakuchagua, binadamu huchagua. Mvuvi huwasha taa usiku, akawavuta ndagala na mukeke pamoja. Na wavu wenye matundu madogo huchukua hata wachanga. Mukeke wakiadimika sokoni, mwenye fedha hununua nyama; njaa haimrudi. Basi mpaka ambao maumbile hayakumwekea, hana budi kujiwekea mwenyewe.

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa ziwa kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei, ili samaki wapate kuzaana. Hekima hiyo twaisifu, lakini haki yadai swali la pili: katika miezi hiyo, mtoto wa mvuvi ale nini? Kumwamuru maskini ajizuie kwa faida ya wote, kisha wote wakamwacha na njaa yake, ni kumla yeye badala ya samaki.

Wahenga walisema: "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Walimu wenzetu, tuifundishapo methali hiyo, tuwaulize wanafunzi: na mla kesho, je, atakula nini? Mukeke hawezi kuuliza hivyo. Sisi twaweza, kwa hiyo jibu latudaiwa sisi.