Msalaba Kilingeni

Kuna shutuma ambayo sisi Wakristo huitoa haraka haraka: kwamba mganga aliyetundika rozari kilingeni kwake ni mwizi. Ametwaa cha Mungu akakipeleka kwa mizimu. Utaisikia kwenye jumuiya ndogondogo, utaisikia kwenye mahubiri, na kila inapotolewa watu hutikisa vichwa kukubali. Mimi huwa nainyamazia, kwa sababu kuijibu kunahitaji safari ndefu hadi Kongo, na jumuiya yetu huanza kutawanyika saa moja kasoro.

Safari yenyewe ni hii. Ufalme wa Kongo, ambao makao yake yalikuwa Mbanza Kongo, kaskazini mwa Angola ya leo, haukungoja kutekwa ndipo ubatizwe. Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491, mwaka mmoja kabla Columbus hajavuka Atlantiki. Mwenyewe hakudumu sana katika imani hiyo. Mwanawe, Afonso, ndiye aliyeishika kwelikweli na kuifanya kuwa dini ya ufalme, na alitawala hadi miaka ya 1540. Haukupita muda mrefu mafundi wa Kongo wakawa wanasubu misalaba yao wenyewe.

Baadhi ya misalaba hiyo imehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya New York na Tervuren, Ubelgiji. Ni ya shaba, mingine imelainika kwa kushikwashikwa. Yesu aliyeko juu yake ana sura ya Mwafrika, na mbavu zake ni mistari iliyochanjwa kwenye shaba. Halafu unaona kitu ambacho hukitarajii: juu ya mikono ya msalaba, na wakati mwingine juu na chini ya Yesu, kuna watu wadogo wadogo waliopiga magoti au kuketi, viganja vimekutana kifuani. Ni akina nani? Wapo wanaosema ni waombolezaji, wapo wanaosema ni mababu. Mimi nawaelewa zaidi hao wa pili.

Maana Wakongo walikuwa na msalaba wao. Kwao mstari uliolala ni maji, Kalunga, yanayowatenga walio hai na wafu, na mstari uliosimama ni njia ya kupita kutoka upande huu kwenda ule. Mtu aliyetaka kuapa alisimama juu ya msalaba uliochorwa ardhini, akawataja Mungu na wafu kuwa mashahidi. Kwa hiyo Wareno waliposhuka melini na msalaba wao, wenyeji waliona alama wanayoijua. Hata ubatizo waliuita kula chumvi, kwa kuwa padri alimwekea anayebatizwa chembe ya chumvi ulimini, na tangu zamani ilijulikana kuwa wachawi hawapendi chumvi. Padri naye wakamwita nganga.

Mwaka 1645 wakaja wamisionari Wakapuchini kutoka Ulaya, wakali kuliko waliowatangulia. Walikusanya minkisi, yaani vitu vya nguvu ambavyo watu waliviweka majumbani kwa kinga na tiba, wakavichoma hadharani. Mapadri hao hao waligawa medali na rozari za kuvaa shingoni. Mtu aliyesimama kando ya moto ule alikuwa na haki ya kuuliza tofauti iko wapi, na sidhani kama alijibiwa vizuri.

Ufalme ulivunjika baada ya vita vya Mbwila vya mwaka 1665, mapadri wakazidi kuwa wachache, na misalaba ikabaki mikononi mwa machifu. Hapo ndipo kisa kinaponoga. Chifu mpya alisimikwa kwa msalaba, kesi zilisikilizwa mbele ya msalaba huo, mgonjwa aliwekewa karibu yake, na mwindaji aliushika akiomba kabla ya kuingia porini. Baba alimrithisha mwana. Misa hakuna, padri hajaonekana kijijini miaka na miaka, lakini msalaba umefungwa kwenye kitambaa unangoja siku ya kazi. Sasa mwizi ni nani hapo?

Aliyeukataa msalaba ule alikuwa Mkristo. Kimpa Vita, msichana wa miaka ishirini hivi aliyewahi kufunzwa uganga, alitangaza mwaka 1704 kwamba Mtakatifu Anthony amemwingia. Akafundisha kuwa Yesu alizaliwa Mbanza Kongo. Minkisi akaitupilia mbali, na msalaba pia, kwa sababu ndio uliomuua Yesu. Mwaka 1706 alichomwa moto kama mzushi, Wakapuchini wakiunga mkono. Machifu waliouweka msalaba pamoja na mizimu yao hawakuchomwa.

Kisa hiki kilivuka bahari pia. Wakongo waliouzwa utumwani Haiti hawakufika wote wakiwa hawamjui Yesu. Baadhi walikuwa wameshabatizwa kwao. Huko, katika ibada ya Vodou, Danbala, roho mwenye umbo la nyoka, alipata picha ya Mtakatifu Patrick, kwa sababu ya wale nyoka miguuni pake. Ezili Dantò, mama mkali wa wanyonge, alipewa sura ya Bikira Maria wa Częstochowa, yule mweusi mwenye makovu shavuni, ambaye picha yake inasemekana ililetwa na askari wa Poland waliotumwa na Napoleon. Wengi hueleza kuwa picha hizi zilikuwa kinyago tu cha kumhadaa bwana wa shamba. Sikubaliani nao moja kwa moja. Kinyago huvuliwa hatari ikipita, na Haiti ilipata uhuru mwaka 1804. Picha bado ziko ukutani. Hata kampeni ya Kanisa ya mwaka 1941 na 1942, iliyochoma ngoma na madhabahu, haikuziondoa.

Simtetei kila mganga. Tunaye huku kwetu anayeweka Biblia mezani ili mteja Mkristo asiogope, na ukutani katundika picha ya Makka ili Mwislamu naye ajisikie nyumbani. Huyo hamwogopi yeyote kati ya wanaotajwa humo ndani. Anafanya biashara, na Biblia yake ni bango. Chifu wa Kongo alikuwa mtu wa namna nyingine: aliamini kwamba ukidanganya mbele ya ule msalaba, utakufa.

Kuchanganya kwenyewe, basi, hakunitishi. Jirani yangu alijifungua mwaka jana, na nilipokwenda kumpa hongera nilimkuta mtoto amefungwa uzi mweusi mkononi, na kwenye uzi ule ule inaning'inia medali ya Bikira Maria.

"Uzi kauleta bibi yake," akaniambia. "Medali nimeiweka mimi."

"Sasa kipi kinamlinda?"

"Dada nawe kwa maswali! Mtoto si analala?"

Tulicheka. Lakini niliona mama anayemwogopa Mungu na kumheshimu mama mkwe wake, na vyote viwili vina gharama. Kila Jumapili yuko kanisani, mtoto mgongoni. Siwezi kumweka kundi moja na dereva wa daladala aliyening'iniza rozari kwenye kioo, akapita kwenye taa nyekundu huku ikiyumba, wala na kijana wa Ulaya anayenunua rozari ya zamani mnadani kwa sababu inapendeza kwenye madhabahu ya miungu yake mipya. Aliyerithi rozari ya bibi yake na bado anaishika usiku akiomba, hata kama siku hizi anamwomba mwingine, sina ugomvi naye.

Kipimo changu ni kimoja: je, kitu hicho kinamdai mwenye nacho lolote? Wakongo wa kale wangekipita kipimo hiki bila shida. Kuhusu sisi, sina hakika. Katika mahakama zetu Mkristo huinua Biblia na kuapa kusema kweli tupu, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi za nyuma akisikiliza kesi ya kiwanja anajua kinachofuata. Mashahidi wawili, wote wamebatizwa, wote wameshika kitabu kimoja, na mipaka wanayoitaja haikutani. Kisha hutoka nje, wakanunua maji ya kunywa, wakarudi nyumbani salama.

Kabla ya kumwita mganga mwizi, tuanze na hao.