Asiyeona na Mlango wa Elimu

Elimu ni mali isiyopungua kwa kugawiwa. Mnyimi wa chakula aweza kudai kuwa chungu chake ni kidogo; mnyimi wa elimu hana chungu cha kusingizia.

Hata hivyo, si kila kunyima huwa kwa kusudi. Kwa karne nyingi asiyeona alinyimwa kusoma na watu waliomhurumia. Walimpa chakula, nguo na dua. Hawakumpa kitabu, kwa kuwa waliamini kwamba maandishi ni ya macho. Imani hiyo ilivunjwa Ufaransa na Louis Braille, kijana asiyeona, ambaye mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, alitunga maandishi ya nukta nundu yasomwayo kwa ncha za vidole. Tanganyika ilipata shule ya wasioona huko Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Tengeru nako, chini ya Mlima Meru, kuna chuo cha Patandi kinachowafunza walimu wa elimu maalumu.

Leo kitabu kimehamia katika kompyuta, na swali la zamani limehama pamoja nacho. Achukuliwe kwa mfano mwanafunzi wa chuo, asiyeona, aliyepelekwa katika kata ya Kikwe, wilayani humo Meru, kufanya mazoezi ya kazi ya kutengeneza masomo ya kidijitali. Chombo chake ni programu isomayo kwa sauti maandishi ya skrini. Programu hiyo ni tiifu, lakini haina ubashiri. Ikipewa ukurasa wa kitabu uliopigwa picha hunyamaza, kwani kwake picha si maneno. Ikikuta kitufe kisicho na jina husema “kitufe” tu, wala haisemi ni cha kufungulia nini. Ikikuta mchoro wa jani usio na maelezo hupita kama mgeni asiyekaribishwa. Sauti yake ikiwa imetungwa kwa Kiingereza, hulitamka neno ng’ombe mpaka mfugaji asimtambue mnyama wake. Mwenye macho aliyetunga somo hakuijua hata kasoro moja kati ya hizo. Na hakuijua kwa sababu anaona. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Je, kijana huyu yuko pale kusaidiwa au kusaidia? Wapo wasemao kwamba amefadhiliwa, na kwamba yampasa kushukuru. Maoni hayo hayana uzito. Yeye amekuja na maarifa ambayo ofisi nzima haina. Programu ya NVDA, itumiwayo bila malipo na wasioona katika nchi nyingi, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, naye haoni. Akaungana na James Teh, asiyeona mwenzake. Waliodhaniwa kuwa wapokeaji wakawa watoaji.

Maoni ya pili ni magumu zaidi, maana yamevaa joho la heshima. Husema: kwa kuwa yeye ndiye ajuaye kasoro, basi aachiwe azitengeneze. Maneno haya yanafanana na hekima, lakini yamebeba dhuluma. Aliyefungiwa mlango hadaiwi kuwa fundi wa kitasa kabla ya kuingia. Mwenzake mwenye macho hufungua somo akasoma. Yeye hutumia saa ya kwanza kuutengeneza ukurasa, ndipo aanze kusoma, na mtihani wao ni wa siku moja. Akiifanya kazi hiyo bila ujira, atakuwa amelipishwa mara mbili kwa kosa la wengine. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake. Deni hilo limewekwa juu ya jamii. Halikuwekwa juu ya asiyeona.

Basi mambo mawili yapaswa kutenganishwa: maarifa na wajibu. Maarifa ni yake. Yatafutwe kwake tangu somo linapoanza kutungwa, wala si baada ya kukamilika, na yalipwe kama yalipwavyo maarifa ya fundi mwingine. Wajibu ni wa wote. Kila mwalimu aandikaye somo na ajue kukipa kitufe jina na mchoro maelezo, kama ajuavyo kuweka nukta mwisho wa sentensi. Asingoje kuombwa, kwani haki inayongoja kuombwa imekwisha kugeuka sadaka.

Kipimo cha haki hiyo si idadi ya wasioona waliopewa kazi ya kuondoa vizuizi vyao wenyewe. Ni siku ambayo mmoja wao ataweza kuchagua sheria, hesabu au ushairi, bila kulazimika kuwa bingwa wa ulemavu wake. Akipenda kazi ya Kikwe, aifanye kwa hiari, kama mwingine apendavyo uhunzi. Mlango uliojengwa vema haumwulizi aingiaye kama anaona.